Sakafu Ikititia, Tutafute Chanzo Kwanza

Akina mama wapenzi, mwezi huu tunaomba tutazame chini ya miguu yetu. Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za chanjo, uji wa watoto na homa za masika. Safari hii tuzungumze habari za sakafu. Huenda mama mwenzetu akauliza: muuguzi na sakafu wapi na wapi? Si ni kazi ya fundi mwashi hiyo, au ya baba mwenye nyumba?

Ni kweli kazi ya kutengeneza ni ya fundi. Lakini kazi ya kuona mapema ni yetu. Sisi ndio tunaopiga deki kila asubuhi, na ndio tunaojua pembe ipi haikauki. Ni sisi tunaosogeza kitanda na kabati, tukaona mguu mmoja wa meza unaning'inia ilhali jana ulikuwa umetulia. Baba hurudi jioni akakuta mkeka umetandikwa, asijue kilicho chini yake. Tena sisi tunaotembelea wagonjwa katika mitaa ya Kariakoo, Gerezani na Jangwani, na katika maghorofa ya zamani ya katikati ya jiji, tumeingia vyumba vingi. Tumewaona wazee walioanguka kwa sababu ya sakafu iliyobonyea, na watoto wenye kifua kisichopona kwa sababu ya chumba chenye unyevu. Kwa hiyo jambo hili ni la afya ya familia.

Homa si ugonjwa

Mtoto akipata homa, mama mwerevu hampi dawa ya kutuliza akaishia hapo. Homa ni dalili. Inaweza kuwa malaria, sikio, kifua au mkojo, na kila kimoja kina dawa yake. Sakafu inayotitia ni vivyo hivyo. Kumwaga saruji mpya juu ya sakafu iliyodidimia, au kutandika zulia la plastiki ili wageni wasione, ni sawa na kumpa mtoto dawa ya kutuliza peke yake. Homa itashuka leo, lakini ugonjwa unaendelea kula ndani.

Tulimtembelea bibi mmoja Kariakoo aliyeteguka nyonga baada ya kujikwaa kando ya kitanda chake usiku. Pale mahali palikuwa pamebonyea kama sahani. Wanawe walikuwa wamekwisha piga niru mara mbili, na mara mbili ilipasuka. Fundi wa tatu hakuomba saruji. Aliomba ndoo mbili za maji, akazimwaga bafuni uani, kisha akaenda kusimama kwenye chemba. Maji yaliyofika pale hayakujaza hata kopo. Mengine yote yalikuwa yakipotelea chini ya chumba cha bibi, kwa sababu bomba la maji machafu lilikuwa limeachana kwenye maungio. Miaka yote ile familia ilikuwa ikioga, na mchanga ulio chini ya kitanda cha bibi ukiondoka kidogo kidogo.

Hilo ndilo tunalotaka tulishike leo: kabla ya kununua mfuko mmoja wa saruji, tujue kwanza chanzo.

Tumejenga juu ya mchanga

Sote tunaujua ule mfano wa Injili ya Mathayo, sura ya 7, wa mtu aliyejenga juu ya mwamba na mwenzake aliyejenga juu ya mchanga. Sasa sisi wa Dar es Salaam, hasa hapa katikati ya jiji, sehemu kubwa tumejenga juu ya mchanga. Je, tuhame? Hapana. Mchanga uliobanwa vizuri na uliotulia hubeba nyumba bila taabu. Ubaya huanza mchanga ukipata njia ya kuondoka, na mara nyingi anayeufungulia njia ni maji. Ndiyo maana swali la kwanza la kujiuliza ni hili: maji yanatoka wapi, na yanakwenda wapi?

Hebu tuvitazame vyanzo kimoja kimoja.

*Cha kwanza, maji yanayovuja.* Yanaweza kuwa ya bomba la maji safi, ya bafuni, ya chooni, au ya mvua yanayomwagika kutoka kwenye bati na kutuama kando ya ukuta. Maji yakipita chini ya sakafu hubeba chembe za mchanga. Sakafu hubaki imekaa juu ya uwazi, kama ganda la yai. Haitaonyesha chochote mpaka siku uzito utakapoizidi.

*Cha pili, mashimo ya zamani.* Hili ni jambo la Kariakoo hasa. Nyumba za asili za hapa ni zile za vyumba sita, ukumbi katikati, na ua nyuma wenye jiko, bafu na choo cha shimo. Choo kilipojaa kilifukiwa, kikachimbwa kingine pembeni. Miaka ilivyokwenda, ua ukajengwa mabanda ya wapangaji, na viwanja vingine vikapandishwa ghorofa. Kwa hiyo chumba anacholala mtoto leo kinaweza kuwa kimekaa juu ya choo au karo la miaka mingi iliyopita. Taka zilizofukiwa humo huoza na kushuka, na zege jembamba lililowekwa juu hubaki peke yake. Hiki ndicho chanzo tunachokiogopa kuliko vyote kwa nyumba za chini, kwa kuwa shimo halibonyei tu, bali hufunguka.

*Cha tatu, kifusi ambacho hakikushindiliwa.* Mafundi wengine huinua sakafu kwa kujaza kila kitu: udongo, matofali yaliyovunjika, hata majani na mifuko ya plastiki, kisha wakamwaga zege juu siku hiyo hiyo. Kifusi cha namna hiyo hushuka chenyewe. Dalili yake ni kwamba sakafu hushuka katikati ya chumba, ikaacha mwanya chini ya ukuta pande zote, lakini ukuta wenyewe haujapasuka. Aghalabu hutokea katika miaka michache ya mwanzo, kisha hutulia.

*Cha nne, mchwa na panya.* Panya buku huchimba njia ndefu chini ya sakafu, hasa mahali penye masoko na mitaro yenye mabaki ya chakula. Njia zao huwa mapito ya maji mvua ikinyesha. Mchwa nao hawali saruji, bali hula miti. Katika nyumba za miti na udongo hula nguzo zilizo ndani ya ukuta, na fremu za milango. Hapo utaona ukuta unashuka na sakafu kupasuka kandokando yake, ukadhani ni sakafu kumbe ni ukuta.

Kwa wanaoishi ghorofani

Maghorofa mengi ya katikati ya jiji ni ya zamani. Majengo kadhaa yalitwaliwa na serikali mwaka 1971 yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi hiyo ikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Familia zimezaliwa na kukulia humo. Sakafu ya zege ghorofani haibonyei kama godoro. Dalili zake huonekana upande wa chini, yaani kwenye dari ya jirani. Lipu huanguka vipande, madoa ya rangi ya kutu hujitokeza, na nondo huanza kuonekana.

Nondo ikipata maji hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Hivyo hulipasua zege kutoka ndani. Kama jengo lilijengwa kwa mchanga wa pwani ambao haukuoshwa chumvi, kutu huja upesi zaidi. Bafu linalovuja miaka 10 juu ya dari ya jirani si ugomvi wa madoa tu. Ni nondo zinazoliwa. Kwa hiyo, mama, jirani wa chini akija kubisha hodi kuhusu maji, tusimpokee kwa maneno makali. Yeye ndiye anayeiona sakafu yetu upande ambao sisi hatuuoni.

Jambo jingine ni uzito. Kariakoo ni ya biashara, na vyumba vingi vilivyojengwa kwa kulala vimegeuzwa kuwa ghala. Wahandisi hukadiria sakafu ya chumba cha kuishi kubeba kama kilo 150 kwa kila mita moja ya mraba. Belo moja la mitumba lina kilo 45 hivi. Yakibebana manne mahali pamoja tayari ni kilo 180. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa ni tani moja, nasi huliweka kwenye kibaraza bila kuuliza, kwa sababu ya mgao wa maji. Tuwe na hesabu hizi kichwani kabla ya kusema "weka tu hapo."

Ndugu zetu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wana mambo yao. Sakafu za juu katika nyumba zao za mawe na chokaa hukaa juu ya boriti za mikoko. Paa likivuja, ncha ya boriti iliyozama ukutani huoza kwanza, mahali ambapo hakuna anayepaona. Huko sakafu hulegea kweli kweli, na mtu hukanyaga akasikia inacheza.

Vipimo vya mama nyumbani

Vipimo hivi havihitaji fedha nyingi. Vinahitaji uvumilivu na daftari.

1. *Kugonga.* Chukua mpini wa ufagio au mchi mdogo, gonga sakafu taratibu kila baada ya hatua moja. Penye udongo chini hutoa sauti nzito. Penye uwazi hulia kama mtungi mtupu. Zungushia chaki mahali hapo, usiruhusu mtu kuruka wala kuweka kitu kizito.

2. *Gololi.* Weka gololi ya mtoto sakafuni sehemu mbalimbali. Mahali inapokimbilia kila mara ndipo panaposhuka. Ghorofani, vuta kamba kutoka ukuta hadi ukuta chini ya dari, uone kama dari imeshuka katikati.

3. *Mita ya maji.* Chagua usiku ambao maji yanatoka. Waombeni wapangaji wote wafunge mabomba. Andika namba za mita, na asubuhi kabla ya mtu yeyote kuteka uzisome tena. Zikiwa zimesogea, kuna bomba linalovuja.

4. *Bluu ya kufulia.* Mita haiwezi kuonyesha maji machafu yanayovuja. Koroga bluu ya kufulia kwenye ndoo mbili, mimina bafuni, na mtu mmoja asimame kwenye chemba. Maji yote yakifika yana rangi, njia ni nzima. Yakifika machache, mengine yamekwenda chini ya nyumba. Ghorofani, mwombe jirani wa chini aangalie dari yake siku mbili zinazofuata.

5. *Nailoni.* Kata nailoni nene, nusu mita kwa nusu mita, ibandike sakafuni pande zote kwa utepe, uiache usiku na mchana. Matone yakiwa chini ya nailoni, unyevu unatoka ardhini. Yakiwa juu yake, ni joto na mvuke wa chumbani, fungua madirisha.

6. *Ufa na tarehe.* Chora mstari kwa penseli pale ufa unapoishia, andika tarehe, na upime upana kwa rula. Rudia kila juma. Ufa uliotulia tangu mwaka jana si sawa na ufa unaotembea.

7. *Bisibisi.* Ichome taratibu kwenye fremu ya mlango karibu na sakafu. Ikizama kama kwenye mkate, mchwa wamo.

Baada ya majuma mawili au matatu utakuwa na habari za kumweleza fundi. Fundi aliyepewa habari hizo hataanza kazi kwa kubahatisha.

Maji ya kunywa nayo yamo

Hapa tunasema kama wauguzi. Bomba la maji safi lililopasuka chini ya sakafu halitoi maji tu. Mgao unapokata maji, bomba hubaki tupu na linaweza kufyonza uchafu ulio nje yake kupitia ufa ule ule. Kama pembeni kuna karo au choo cha zamani, basi uchafu huo huja bombani, na siku maji yakirudi huingia kwenye ndoo yetu. Mwaka 2015 kipindupindu kilianzia hapa Dar es Salaam kikaenea mikoa mingi. Kwa hiyo, mita ikikuonyesha kuna bomba linalovuja, chemsha maji yote ya kunywa mpaka litengenezwe, wala usisubiri mtu augue.

Unyevu nao huotesha ukungu ukutani na chini ya zulia. Mtoto mwenye pumu asilazwe katika chumba hicho. Na mzee asiyeona vizuri asiachwe apite usiku mahali palipobonyea, kwani kuvunjika nyonga uzeeni ni jambo zito.

Dalili za kutoka nje mara moja

Kuna wakati wa kupima na kuna wakati wa kutoka. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri jana ukigoma leo ghafla, ufa ukipanuka kati ya asubuhi na jioni, sakafu ikifunguka tundu, ukisikia mlio wa kupasuka ndani ya ukuta au nguzo, au chembe za zege zikianguka bila kuguswa, usikae kukusanya vyombo. Toa watoto na wazee, gonga kwa majirani, mkae mbali na jengo. Kisha piga simu Zimamoto na Uokoaji, namba 114, na mpe habari mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.

Hatusemi haya kutishana. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka, watu 36 wakafariki. Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Serikali ikaunda timu ya kukagua majengo ya eneo hilo. Tukiona watu wanachimba kando ya nguzo, au wanabomoa ukuta chini ya jengo tunaloishi, tuna haki ya kuuliza nani mhandisi wa kazi hiyo, na kwenda kuuliza ofisi za Jiji.

Nani atalipa?

Hapa ndipo mambo hukwama. Nyumba nyingi za Kariakoo ni za urithi. Kodi hugawanywa kwa ndugu sita au saba, lakini siku ya kutengeneza kila mmoja humtazama mwenzake. Kama wewe ni mmoja wa warithi, shauri jambo hili kwenye kikao cha familia: kabla ya kugawana kodi, itengwe sehemu ya nyumba yenyewe. Kama ni mpangaji, mwendee mwenye nyumba kwa heshima, ukiwa na daftari lako la tarehe na vipimo. Mwambie: "Shikamoo mzee, tumekuja na wenzangu wa vyumba vyote, tunaomba uje uone mwenyewe." Asipokuja, mwandikie barua, baki na nakala, na umpe habari mjumbe. Maneno ya mdomoni husahaulika, lakini barua yenye tarehe ni shahidi.

Kuhusu matengenezo, mwongozo ni mfupi. Kwanza kizibwe chanzo: bomba, karo, mfereji wa mvua au njia ya panya. Kisha sehemu iliyolegea ivunjwe, ichimbwe mpaka udongo mgumu. Ijazwe mchanga safi au kifusi cha mawe kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ilowanishwe na kushindiliwa kabla ya kuweka nyingine. Juu yake mawe, nailoni nzito, ndipo zege. Likikutwa shimo la zamani, au kazi ikisogea karibu na msingi au nguzo, asimame fundi na aitwe mhandisi aliyesajiliwa. Usikubali fundi aseme "nimeshafanya nyingi hizi." Ghorofani nako, kupaka lipu mpya juu ya nondo zenye kutu hakuponyi kitu.

Mama mwenzetu, kesho asubuhi ukipiga deki, kunja zulia lote kwanza. Gonga kwa mpini wa ufagio kila pembe, usikilize. Ukisikia mlio wa mtungi mtupu, mhamishe mtoto alale kwingine usiku huo huo, kisha fungua daftari uandike tarehe.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhifadhi maji ya kunywa wakati wa mgao. Kaeni salama.